Je, bakteria mwilini ni mara kumi ya seli zetu?

Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba mwilini mwetu, kwa kila seli moja ya binadamu kuna bakteria kumi. Dai hili limeingia hata kwenye vitabu vya kiada, lakini si kweli.

Chanzo chake ni makadirio ya mwaka 1972 ya mwanasayansi Mmarekani Thomas Luckey. Alichukua idadi ya bakteria katika gramu moja ya kinyesi, takriban bilioni 100, akaizidisha kana kwamba njia nzima ya chakula imejaa kwa kiwango hicho. Kumbe tumbo na utumbo mwembamba vina bakteria wachache sana. Wengi wamesongamana kwenye utumbo mpana.

Mwaka 2016 watafiti Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walirudia hesabu hiyo kwa makini. Kwa mwanamume wa kilo 70 walipata bakteria trilioni 38 hivi, na seli za mwili trilioni 30. Yaani wanakaribia kulingana. Na hapa ndipo panaponivutia zaidi: zaidi ya asilimia 80 ya seli hizo trilioni 30 ni chembe nyekundu za damu. Misuli na mafuta, vinavyobeba sehemu kubwa ya uzito wetu, vina seli chache lakini kubwa mno.

Bakteria wote hao wana uzito wa gramu 200 hivi, wala si kilo moja au mbili kama inavyosemwa mara nyingi. Tena ukienda haja kubwa mara moja tu, uwiano unaweza kugeuka, seli zako zikawa nyingi kuliko wao.