MRI (picha ya sumaku) ya nyonga inayobana: wanavyodhani watu na ilivyo

Muulize mgonjwa wa nyonga inayobana panapouma. Mara nyingi ataishika nyonga kwa ubavuni, gumba nyuma na vidole mbele, mkono ukichora herufi C. Maumivu yenyewe yako kwenye kinena, na huzidi akichuchumaa au akikaa garini muda mrefu. Shingo ya fupa la paja ina nundu, au ukingo wa kikombe cha nyonga umezidi. Akikunja paja mfupa unagonga mfupa, kama mchi unaopiga ukingo wa kinu.

“MRI ndiyo itakayosema kama ninaumwa.”
Hii ndiyo dhana inayosumbua kuliko zote. Wataalamu waliokubaliana huko Warwick, Uingereza, mwaka 2016 walitaka mambo matatu yaende pamoja: dalili, anachokikuta daktari akikunja na kuzungusha mguu wako, na picha. Kuna sababu. Katika utafiti uliochapishwa 2012, watu 45 wasioumwa nyonga kabisa walipigwa MRI, na asilimia 69 walikutwa na mchaniko kwenye labramu, ule mkanda laini unaozunguka ukingo wa kikombe. Walikuwa wanatembea zao tu.

“MRI ni MRI, popote utakapopiga.”
Hapana. Picha ya nyonga zote mbili kwa mpigo huficha vitu vidogo. Inatakiwa picha ya karibu ya nyonga moja, na mikato inayozunguka shingo ya mfupa kama spoki za baiskeli, kwa sababu nundu hupenda kukaa mbele kwa juu, mahali ambapo mikato ya kawaida huweza kuipita. Hapo ndipo hupimwa pembe ya alfa, inayoonyesha nundu imetokeza kiasi gani. Madaktari wengi hushtuka ikivuka nyuzi 55, wengine husubiri 60. Mikato michache ya goti huongezwa ili kujua fupa la paja limejipinda kiasi gani. Fomu ya kuomba picha iliyoandikwa “maumivu ya nyonga” tu, italeta ile picha ya nyonga zote mbili.

“Eksirei imepitwa na wakati.”
Bado ndiyo ya kuanzia. Umbo la mfupa huonekana humo, na kwa bei nafuu.

“Lazima uchomwe sindano ya dawa kwenye kiungo.”
Dawa hiyo, gadoliniamu iliyozimuliwa, huonyesha michaniko vizuri, hasa kwenye mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Kwa Tesla 3, mara nyingi picha hutosha bila sindano.

“Imechanika, basi ni kisu.”
Majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa 2018, yenye wagonjwa 348, yaliwapa wengine upasuaji na wengine mazoezi tiba. Makundi yote yalipata nafuu. La upasuaji lilipata zaidi kidogo. Na mpasuaji makini, kabla ya kuitazama nundu, hutafuta gegedu kwenye picha: ikiwa imekwisha kulika, kuchonga mfupa hakutamsaidia sana mgonjwa.