Wanaanga hawaelei kwa kukosa uvutano

Wengi wetu tumeamini tangu shuleni kwamba wanaanga huelea kwa sababu huko juu hakuna nguvu ya uvutano. Sivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka Dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 400, ambako uvutano bado una karibu asilimia 90 ya nguvu tunayoihisi ardhini. Usingekuwapo, kituo kingenyoosha njia na kutokomea. Kwa kweli kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja bila kukoma, ila kwa kuwa vinakwenda kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, uso wa Dunia nao hujipinda chini yake kwa kiwango kilekile, hivyo haufikiwi kamwe. Kijiko kikiachiwa hubaki mbele ya uso wa mwanaanga, kwani vyote viwili vinaanguka sawia.

Mifupa, hata hivyo, haijali ufafanuzi huu: isipobeba uzito, ile ya nyonga hupoteza takriban asilimia 1 ya madini yake kila mwezi. Ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi kwa saa 2 hivi kila siku, wakikimbia huku wamefungwa mikanda inayowavuta kwenye mashine.