Unapanua nyumba? Usizidishe mita za mraba

"Nyumba nzima najua iligharimu kiasi gani kwa mita ya mraba. Sasa naongeza chumba kimoja tu, si unazidisha?"

Juzi nimeambiwa hivyo tena, na mteja ambaye ukuta wake wa jikoni ulikuwa umeshabomolewa. Kati ya yote ninayoyasikia katika kazi hii ya ukadiriaji majenzi, yaani kupima na kukokotoa gharama za ujenzi, hili ndilo linaloniuma, maana ndilo linalowaacha watu na chumba kisicho na paa msimu wa mvua.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, kuta zikiwa na kimo cha mita 3. Hata kama upande mmoja wa mita 4 unaegemea nyumba ya zamani, bado unajenga mita 10 za ukuta, yaani mita za mraba 30 kwa sakafu ya 12. Kila mita ya sakafu inabeba ukuta wa 2.5. Ukumbi wa 6 kwa 8 wenye kimo hichohicho, hata ukijengewa kuta zote nne, unabeba 1.75 tu. Tofali, lipu na rangi vinafuata ukuta, havifuati sakafu.

Halafu kuna maungio, na hapo ndipo pesa inapoishia. Kutoboa ukuta wa zamani na kuuegemeza kwa mihimili ya muda wakati lenta mpya, boriti ya juu ya uwazi, inawekwa. Kusawazisha sakafu mbili zisizolingana. Kuunganisha mapaa mawili pale maji yote yanapokutana. Kuhamisha bomba la majitaka lililopita palepale unapotaka kuweka msingi. Mstari wa "mita ya mraba" hauna hata kimoja kati ya hivi.

Kwa hiyo nasisitiza, na wateja wamenichoka: kabla sijakadiria chochote, chimba shimo moja kando ya msingi wa zamani mpaka uone unapoishia. Ni kazi ya nusu siku kwa kibarua mmoja. Nimewahi kukuta msingi ulioketi juu ya udongo wa kujaziwa. Bajeti ilibadilika yote, lakini ilibadilika kwenye karatasi, kabla ya zege kumwagwa.

Wateja hunijibu: "Mkadiriaji ni wa maghorofa." Hapana. Mwenye mradi mkubwa anaweza kuhimili kosa; wewe mwenye akiba moja huwezi.

"Fundi ameshanipa bei." Bei ya jumla bila vipimo huwezi kuilinganisha na ya fundi mwingine. Mmoja ameweka nondo na kuondoa kifusi, mwingine hakuweka. Wape wote jedwali moja la vipimo, wajaze bei humo.

"Nitamwita mkadiriaji ramani ikikamilika." Mwite ramani ikiwa bado ya penseli. Kusogeza choo kikae karibu na mabomba yaliyopo ni kazi ya kifutio. Baadaye ni kazi ya sululu.

"Fedha ya dharura ni ujanja wa kuongeza bei." Hiyo fedha inakaa kwako, haikai kwa mkandarasi, na isipohitajika inabaki yako. Kwa jengo jipya kwenye kiwanja kitupu asilimia 5 hadi 10 ya gharama mara nyingi hutosha. Kwa upanuzi mimi sishuki chini ya 10, na kama nyumba ni ya zamani na ramani zake hazipo, naweka 15.