Je, wajua? "Mpango wa Uganda" wa Wayahudi ulikuwa Eldoret, wala sio Kampala

Kila Israel ikitajwa mitandaoni lazima atokee mtu aseme "hao si walikuwa wapewe Uganda hao", alafu wengine wanacheka, wengine wanabisha. Stori ni ya kweli kabisa ila ardhi yenyewe haiko Uganda. Iko Kenya, nyanda za juu za Uasin Gishu, huko Eldoret kwenye mahindi na wakimbiaji. Sasa ilikuwaje mzungu amekaa London akawa anaigawa Uasin Gishu, na kwa nini walioletewa hiyo zawadi wakaikataa?

Tuanze na jina manake ndio jepesi. Uganda ya Waingereza zamani ilikuwa inakuja mpaka huku Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 wakauchukua ule mkoa wa mashariki, Kisumu na Uasin Gishu ndani yake, wakauhamishia upande wa British East Africa, yani Kenya ya leo. Lakini mazoea hayafi siku moja, hata reli ya Mombasa mpaka Kisumu iliendelea kuitwa Reli ya Uganda na hakuna hata kipande chake kilichobaki Uganda baada ya hapo. Kwa hiyo 1903 wakubwa wa London waliposema Uganda walikuwa wanasema tu "huko inakopita ile reli yetu".

Na hiyo reli ndio mzizi wa maneno yote. Ilimalizika 1901, imekula zaidi ya pauni milioni 5, na mizigo ya kubeba hakuna. Serikali ilitaka wazungu waje wakae kando ya reli, walime, wauze, walipe nauli. Desemba 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, akashuka Mombasa akapanda treni mwenyewe kuja kuangalia. Kule juu akaona baridi, majani mabichi, akawaza kwamba hii ingemfaa yule Dokta Herzl.

Herzl ndio nani? Theodor Herzl alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Vienna, mzaliwa wa Budapest, aliyeanzisha harakati ya Wazayuni, yani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, na kuitisha kongamano lao la kwanza Basel, Uswisi, mwaka 1897. Alikuwa anazunguka kwa wafalme na mawaziri akiomba mahali Wayahudi watakapojitawala wenyewe. Kwa Sultani wa Uturuki, ambaye ndiye aliyekuwa na Palestina wakati huo, aligonga mwamba. Akajaribu kwa Waingereza apate El Arish kule Sinai, nayo ikashindikana, shida kubwa ikiwa maji, manake ingebidi yavutwe kutoka mto Nile.

Aprili 1903 Chamberlain alipomtajia Afrika Mashariki mara ya kwanza, Herzl hakuchangamka sana. Lakini mwezi huohuo huko Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi ambao leo ndio mji mkuu wa Moldova, uvumi ulienezwa kwamba Wayahudi wameua mtoto wa Kikristo, umati ukaingia mitaani siku za Pasaka, na Wayahudi kama 49 wakauawa, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maduka yakaporwa. Habari zikasambaa dunia nzima. Herzl akaona hawa watu hawana muda wa kungoja Sultani abadilishe mawazo, wapatiwe pa kukimbilia kwanza hayo mengine baadaye.

Usidhani Waingereza walikuwa wanatoa kwa huruma tupu. London yenyewe, hasa upande wa mashariki, ilikuwa inapokea Wayahudi wengi waliokimbia Urusi na wanasiasa walishaanza kelele za wahamiaji, zilezile tunazozisikia leo. Waziri mkuu alikuwa Arthur Balfour, na ni serikali yake iliyopitisha sheria ya kubana wageni mwaka 1905. Ukiunganisha na reli isiyo na mizigo unaona hesabu yao, wageni waende kwingine na huko waendako wakazae kodi. Mimi naona hapo ndipo penye utamu wa hii stori, huyu Balfour ndiye yuleyule wa lile Azimio la 1917, Waingereza walipoahidi kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina, na wakili ambaye ofisi yake ilimwandalia Herzl rasimu ya mkataba wa Afrika Mashariki alikuwa David Lloyd George, ambaye 1917 ndiye alikuwa waziri mkuu. Yani walifanyia mazoezi kwetu.

Barua rasmi ilitoka Agosti 14, 1903. Ilisema kama eneo likipatikana serikali iko tayari kuruhusu makazi ya Kiyahudi yenye kiongozi wao Myahudi na uhuru kwenye mambo ya dini na ya ndani, ila juu yao abaki Mwingereza. Eneo lililokuja kutajwa ni kama maili 5,000 za mraba. Ndani ya hiyo barua wenyeji hawajaulizwa kitu.

Siku chache baadaye kongamano la sita la Wazayuni likaanza Basel na hapo ndipo moto ulipowaka. Swali halikuwa hata "tuhame au tusihame", ilikuwa tu kura ya kutuma watu wakaangalie. 295 wakakubali, 178 wakakataa, karibu 100 hawakupiga kabisa. Herzl kashinda kwa kura, lakini wajumbe wengi wa Urusi wakainuka wakatoka nje, wengine wakikaa chini wanalia kama watu wa msibani. Na hapa ndipo wasomaji wengi hushangaa, manake waliopinga kwa ukali ni haohao ambao ndugu zao ndio wanachinjwa, mpaka wajumbe wa Kishinev. Kwao kama sio Palestina basi hakuna safari, waliogopa kwamba ukishakaa kwa muda utakaa moja kwa moja. Max Nordau, mkono wa kulia wa Herzl, alijaribu kuwatuliza akasema hii ni malazi ya usiku mmoja tu. Haikusaidia. Desemba hiyohiyo kijana mmoja alimfyatulia Nordau risasi kwenye sherehe Paris akimpigia kelele kwamba yeye ni Mwafrika Mashariki, bahati nzuri zikamkosa. Ajabu nyingine, Eliezer Ben-Yehuda, yule aliyepigania Kiebrania kirudi kuongelewa majumbani na mwenyewe alikuwa anaishi Jerusalem, aliunga mkono Uganda!

Huku Nairobi nako walowezi wa Kiingereza walipandisha mori. Walikuwa wachache sana ila kelele zao zilikuwa nyingi, kiongozi wao Lord Delamere akapeleka simu ya maandishi kwa gazeti la The Times kulalamika, kamati ya kupinga ikaundwa. Hoja yao kubwa ni kwamba ardhi nzuri ni ya Waingereza, wasipewe watu maskini kutoka Urusi. Ardhi ambayo wao wenyewe walikuwa hawajamaliza hata kuipora.

Herzl akafariki Julai 1904 akiwa na miaka 44 tu. Mapema 1905 watu watatu wakafika Mombasa kwenda kukagua, Meja Gibbons wa Uingereza, Alfred Kaiser wa Uswisi, na injinia Nahum Wilbusch, Myahudi kutoka Urusi. Wakazunguka Uasin Gishu wiki kadhaa. Utasikia watu wakihadithia walowezi waliwapitisha makusudi kwenye tembo na wapiganaji wa Kimasai ili waogope, mimi hiyo naiacha kwenye soga. Kinachojulikana ni kwamba Wilbusch hakuutaka mpango tangu mwanzo, na ripoti yake ikasema hapafai. Gibbons hakuwa mkali hivo, ila hakuna aliyerudi na habari kwamba hapa wanaweza kuingia mamilioni. Kiangazi cha 1905 kongamano la saba likaufuta. Israel Zangwill, mwandishi wa London, akakasirika akajitoa na kuanzisha chama chake cha kutafuta ardhi popote pale duniani.

Sasa wenyeji wa hiyo ardhi je? Waingereza walisema nyanda ziko tupu, na kweli vita vya Wamasai wenyewe kwa wenyewe karne ya 19 viliwaondoa Wamasai wa Uasin Gishu, wale walioliachia eneo jina. Lakini Wanandi walikuwepo jirani, walilisha ng'ombe huko, na walikuwa vitani na Mwingereza kwa karibu miaka kumi kwa ajili ya hiyohiyo reli. Oktoba 1905, miezi michache baada ya wakaguzi kuondoka, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, kwenye kikao kilichoitwa cha amani. Meinertzhagen huyo baadaye akawa ofisa wa Waingereza kule Palestina na mshabiki mkubwa wa Wazayuni. Mwaka 1908 Makaburu wakaja na magari yao ya ng'ombe kutoka Afrika Kusini wakapewa Uasin Gishu.

Wayahudi wachache walikuja Kenya hata hivyo, kila mtu kivyake. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alifika 1903 akitokea Afrika Kusini, na baadaye akanunua hoteli ya Norfolk Nairobi. Ila wale Abayudaya wa Mbale msiwachanganye na mpango huu, wao ni Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, walioanza 1919 na Semei Kakungulu, jenerali aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda kisha akaona wamemzunguka, akaishika Torati akajitahiri yeye na wanawe. Hakuna aliyetoka Basel kuja kumfundisha.