Mtwara usiinue tuta, chimba chini

Mvua za Desemba zikikaribia tu simu zinaanza, bwana shamba nataka kabustani ka mboga hapo nyuma ya nyumba nianzie wapi. Nami nauliza kitu kimoja, udongo wako ukoje? Jibu karibu siku zote ni mchanga.

Hebu jaza udongo kiganjani, mwagia maji kidogo, ufinye halafu fungua mkono. Ukimomonyoka wote ukapita kwenye vidole, ndo Mtwara yetu hiyo, maji ya asubuhi mchana yashazama huko chini mizizi haijayaona. Watu wanaangalia video, wanaona matuta yameinuliwa kama makaburi, nao wanainua. Yale ni ya kwenye mfinyanzi na mvua nyingi, yanasaidia maji yasituame, sisi huku shida yetu ni maji kukimbia. Kwa hiyo chimba. Mimi nachimba futi 1 kwenda chini, urefu mita 3, upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, natia samadi ya mbuzi madebe mawili matatu, nachanganya na udongo narudishia ila sijazi, nabakiza kiganja kimoja hivi ili maji yakae humo humo. Juu nyasi kavu.

Samadi iwe imeoza kweli lakini. Mwaka niliohamia Naliendele nikajifanya mjuaji, si nina cheti, nikamwaga mbolea ya kuku imetoka bandani jana yake, siku ya nne mchicha umebabuka kama umepitiwa na moto. Mama watoto mpaka leo mgeni akija anamwonyesha pale mahali.

Anza na matembele. Omba marando, yale mashina ya viazi vitamu yanayotambaa, kwa jirani, kata sentimita 30 hivi, fukia nusu, basi. Mchicha nao mwepesi, ila mbegu zake ndogo sana, changanya na mchanga mkavu ndo urushe, ukizifukia sana hazioti, na sisimizi wanazibeba hivyo zungushia majivu. Wiki ya 3 au ya 4 unachuma. Bamia sawa. Nyanya achana nazo msimu wa kwanza, kuna kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda, kuna mnyauko, halafu kuna minyoo fundo wanaopenda mchanga balaa, ng'oa mche uliodumaa utakuta mizizi ina vinundu vinundu. Nimeona watu wanasusa bustani nzima kwa sababu ya miche kumi ya nyanya.

Chini ya mkorosho hapana, kivuli kile, na mizizi itakunywa kila ndoo unayomwaga.

Maji mwagia jioni, ya kuoshea mchele yanafaa kabisa. Uzio, ukiwa karibu na wavuvi kama Mikindani omba nyavu chakavu, funga kwenye fito, kuku hapiti. Mbuzi ni habari nyingine, wa jirani yangu kashajua kuinua wavu kwa pembe, sasa hivi naukandamiza na mawe.