Alonissos: yanayosemwa kuhusu kisiwa hiki cha kijani cha Ugiriki, na ukweli wake

“Visiwa vya Ugiriki ni mawe makavu na nyumba nyeupe.”
Hiyo ni picha ya Santorini na Mykonos, visiwa vya kundi la Cyclades. Alonissos iko kaskazini zaidi, katika kundi la Sporades, jirani na Skopelos na Skiathos. Hapa misonobari imeteremka vilimani hadi kwenye kokoto za ufukweni, na katika fukwe nyingi ukitoka majini unaingia moja kwa moja kivulini. Mti huo una utomvu na hushika moto upesi, kwa hiyo kiangazi usiwashe moto wa aina yoyote nje. Ukiona moshi piga 112.

“Ndege inakufikisha hadi kisiwani.”
Alonissos haina uwanja wa ndege, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya utulivu wake. Kuna njia mbili za kufika. Unaweza kuruka hadi Skiathos, ukachukua teksi ya dakika chache hadi bandarini, kisha boti inayopitia Skopelos na kutia nanga Patitiri, bandari ya Alonissos. Au upande basi kutoka Athens hadi Volos na kuvuka bahari kutoka huko, safari ndefu zaidi.

Wengi hukosea kwa kukata tiketi ya ndege kwanza na kutafuta boti baadaye. Ndege ikitua jioni, boti ya mwisho imeshaondoka, na usiku wa kwanza uliolipia Alonissos unaulala Skiathos. Anza na ratiba ya boti, kisha chagua ndege inayoendana nayo.

Kurudi kunahitaji uangalifu zaidi. Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kushika kwa siku kadhaa. Bahari ikichafuka, boti za kasi huzuiwa kutoka mapema kuliko feri kubwa za magari. Kwa hiyo ondoka kisiwani siku moja kabla ya ndege yako na ulale Skiathos au Volos. Tukiombwa ushauri mmoja tu kuhusu Alonissos, ni huo.

“Nikiwa na kibali cha kuishi Ulaya, viza si tatizo.”
Inategemea kibali ni cha nchi gani. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya na kibali halali cha ukaazi cha Ujerumani au Sweden haombi viza nyingine. Kibali cha Uingereza hakisaidii kitu, maana Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Anayetoka Afrika Mashariki aombe viza kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya safari. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari ifidie matibabu ya angalau yuro 30,000.

“Agosti ndio mwezi wenyewe.”
Kwa anayetafuta kupumzika, hapana. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, na siku za kuizunguka Wagiriki wenyewe humiminika visiwani. Vyumba hujaa, bei hupanda. Juni na Septemba ni bora, na mwanzoni mwa Septemba bahari bado ina joto la kiangazi. Aprili kisiwa kimechanua lakini maji ni baridi na migahawa mingi bado imefungwa.

“Fukwe zake ni za mchanga.”
Nyingi ni kokoto nyeupe, na ndiyo maana maji ni maangavu hivyo: hakuna mchanga wa kutibuka. Beba viatu vya plastiki vya kuogelea navyo. Wenye watoto wadogo waende Chrisi Milia, penye mchanga na maji mafupi.

“Kisiwa ni kidogo, gari la nini?”
Kina urefu wa takriban kilomita 20, na mabasi ni machache. Ukipanga Patitiri utatembea hadi migahawani na bandarini. Ukipanga kijiji cha Steni Vala au mbali zaidi, kodi gari. Leseni ya Kenya au Tanzania iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hupatikana nyumbani kabla ya kuondoka.

“Hifadhi ya bahari ni mahali pa kuona sili.”
Hifadhi hii, ya kwanza ya bahari nchini Ugiriki, ilianzishwa 1992 kwa ajili ya kuwalinda sili watawa, si kuwaonyesha watalii; ni wanyama wa baharini, waoga, wanaojificha mapangoni. Usiogelee kuingia pangoni: mama akishtuka anaweza kumwacha mtoto. Kisiwa cha Piperi hakikaribiwi kabisa na watalii. Boti za matembezi huondoka Patitiri, na nyingi husimama kwenye monasteri ya Kyra Panagia, kwa hiyo chukua nguo ya kufunika mabega na magoti. Weka matembezi hayo siku za mwanzo za likizo, ili upepo ukiyaahirisha ubaki na siku nyingine.