Chenga au Rafu? Ugomvi wa Wasomaji juu ya Roger Ackroyd

Riwaya ya Agatha Christie iitwayo The Murder of Roger Ackroyd ilitoka mwaka 1926, na tangu hapo wasomaji wake hawajapatana. Wapo wanaoiona ndiyo kilele cha hadithi za upelelezi. Mwaka 2013 chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kiliwapigisha kura wanachama wake wapatao 600, nao wakaichagua kuwa bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa. Wapo pia wanaofika ukurasa wa mwisho wamenuna, wakihisi wamechezewa rafu. Mimi nafundisha usimulizi, na kitabu hiki nakisomesha kwa sababu ya ugomvi huohuo. Darasa lililokuwa linasinzia kwenye mada ya nafsi ya kwanza huanza kurushiana maneno.

Siwezi kueleza ugomvi bila kumtaja muuaji. Kama hujaisoma na unakusudia kuisoma, ishia hapa, ukimaliza urudi.

Tuko King's Abbot, kijiji cha kubuni cha Kiingereza ambacho kila mtu anajua jirani kala nini. Msimulizi ni Daktari Sheppard, kapera anayeishi na dada yake mkubwa, Caroline, mwanamke anayejua habari zote za kijiji bila kutoka nje ya nyumba. Mjane tajiri, Bi Ferrars, amekufa kwa kuzidisha dawa ya usingizi. Kumbe alimuua mumewe kwa sumu, na kuna mtu aliyeijua siri hiyo ambaye amekuwa akimkamua fedha ili anyamaze. Kabla ya kufa alimwandikia barua Roger Ackroyd, mwanamume aliyekuwa amwoe, akimtajia jina la mtu huyo. Usiku barua hiyo inapomfikia, Ackroyd anachomwa jambia shingoni ndani ya chumba chake cha kusomea. Jirani mpya wa daktari, mzee mmoja Mbelgiji aliyestaafu na kuamua kulima mamumunye, anaombwa afuatilie. Huyo ndiye Hercule Poirot.

Muuaji ni Daktari Sheppard. Yule aliyetushika mkono tangu ukurasa wa kwanza.

Hila hii haikuanzia kwenye usiku wa mauaji, ilianzia kwenye kiti kilichoachwa wazi. Wasomaji wa 1926 walikuwa wamemzoea Kapteni Hastings, rafiki wa Poirot, mtu mwema, mzito kidogo wa kuelewa, anayesimulia visa vya bwana mkubwa kama Watson anavyosimulia vya Sherlock Holmes. Katika riwaya ya 1923 Christie alimwoza Hastings na kumpeleka Amerika Kusini. Sasa Poirot amestaafu, anamkumbuka rafiki yake aliyeko Argentina, na pembeni yake anasogea daktari wa kijiji, mpole, mwenye mzaha wa chinichini. Msomaji anamkalisha Sheppard kwenye kiti cha Hastings bila kuulizwa. Hata sisi tuliokua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na Najum wake kando, tuna mazoea hayo: rafiki wa mpelelezi hayumo kwenye orodha ya washukiwa. Nani alituambia hivyo? Hakuna. Tulijiambia wenyewe.

Sasa tuje kwenye sentensi zenyewe, maana mashtaka ya udanganyifu yanasimama au kuanguka hapo. Sheppard anasimulia kwamba barua iliingizwa chumbani saa mbili na dakika arobaini usiku, na kwamba alimwacha Ackroyd ikiwa saa tatu kasoro dakika kumi, barua bado haijasomwa. Anaongeza kuwa alisita, mkono kwenye kitasa, akageuka nyuma kutazama kama kuna jambo lolote aliloacha bila kulifanya. Soma tena. Kila neno ni kweli. Dakika kumi zimepita kati ya sentensi mbili, na ndani ya dakika hizo mtu ameuawa. Baadaye mwili unapogunduliwa, daktari anamtuma mtumishi, Parker, akapige simu polisi, kisha anatuambia kwamba alifanya kidogo kilichohitaji kufanywa. Kidogo hicho ni kukitumbukiza kinasa sauti, alichokuwa amekitega ili ionekane Ackroyd bado yu hai, ndani ya mkoba wake mweusi wa udaktari na kukirudisha kiti mahali pake ukutani.

Na Christie hakuishia hapo. Daktari alitoka saa tatu kasoro dakika kumi, na anatuambia mwenyewe kwamba saa ya kanisa iligonga saa tatu alipokuwa anapita kwenye geti. Safari hiyo ni ya dakika tano. Poirot aliliona pengo hilo. Sisi tulilipita kwa sababu aliyetupa hesabu ni mtu tunayemwamini.

Kwangu mimi, basi, ni chenga safi. Beki aliyepitwa hana haki ya kumlalamikia mwamuzi.

Lakini hoja ya upande wa pili si ya kudharauliwa. Mmarekani aliyeandika kwa jina la S. S. Van Dine alisema mwaka 1927 kwamba hila ya kitabu hiki si halali kwa mwandishi wa upelelezi, na mwaka uliofuata akatunga kanuni ishirini za fani hiyo, mojawapo ikimkataza mwandishi kumfanyia msomaji hila isiyokuwa ile anayofanyiwa mpelelezi na mhalifu. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyekuwa naye akitunga riwaya za upelelezi, alitoa amri zake kumi. Ya kwanza inasema mhalifu asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kufuata mawazo yake. Ya tisa inasema rafiki wa mpelelezi asifiche wazo lolote linalopita kichwani mwake. Knox mwenyewe alikiri kwamba ile ya kwanza ilihitaji kuwekwa kwa uangalifu zaidi kwa sababu ya maajabu aliyokuwa ameyafanya Bi Christie.

Dorothy L. Sayers, mtunzi mwenzake Christie, aliwajibu walalamikaji mwaka 1928 bila kuwabembeleza: hizo ni hasira za mtu aliyezidiwa akili. Taarifa zote zimetolewa, na kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Christie naye, katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka 1977 baada ya kifo chake, alisema wanaodai amedanganya wasome vizuri, maana mapengo ya muda aliyafunika kwa sentensi zenye maana mbili.

Ninachoona mimi ni kwamba kambi hizi mbili hazisomi kitu kimoja. Wanaokasirika wanamsikiliza Sheppard kama mtu anayezungumza nao moja kwa moja, na mtu anayezungumza nawe akificha jambo zito amekusaliti. Wanaofurahi wanashika karatasi, maandishi yaliyoandikwa na mtu mwenye sababu za kuandika. Na riwaya yenyewe iko upande wa hawa wa pili. Karibu na mwisho Sheppard anampa Poirot sura alizokwisha kuandika, Poirot anazisoma, na anamsifu kwa namna ya ajabu: mwandishi huyu amejiweka nyuma mno. Kumbe tulichokuwa tunasoma muda wote ni kielelezo cha kesi. Daktari alikuwa anaandika ili siku moja akichapishe kama kisa cha Poirot aliyeshindwa. Sura ya mwisho anaichukua kujipongeza kwa ustadi wa kalamu yake, akituonyesha sentensi zilezile alizotufungia macho. Majivuno ya namna hiyo, mtu ameshaua, bado anataka asifiwe uandishi!

Yapo malalamiko ninayoyakubali. Kinasa sauti kilichotegwa ili sauti ya marehemu isikike saa tatu na nusu, na simu iliyopangwa ipigwe kutoka stesheni, ni mitambo ya jukwaani. Katikati ya kitabu panachosha, kila mtu ana kasiri kake kuhusu urithi, madeni au ndoa ya siri, na Poirot anayafungua moja baada ya jingine kama karani. Kuna pia kauli ya dharau kwa Wayahudi inayotolewa na shemeji wa marehemu kuhusu wakopeshaji, ambayo msomaji wa leo haimpiti hivihivi. Na Poirot kumwachia muuaji nafasi ya kujiua ili Caroline asiaibike huwagawa wanafunzi wangu kuliko hata hila yenyewe.

Wengi humtaja Edmund Wilson, mhakiki wa Marekani aliyeuliza mwaka 1945, katika kichwa cha makala yake ya The New Yorker, nani anajali aliyemuua Roger Ackroyd. Kichwa kimekuwa methali. Ndani ya makala, vitabu anavyovisaga ni vya waandishi wengine.

Mfaransa Pierre Bayard, profesa wa fasihi na mchanganuzi wa nafsi, ndiye aliyejali kupita wote. Mwaka 1998 alitoa kitabu kizima akidai Poirot alikosea: Sheppard ana hatia ya ukamuaji, ila aliyeua ni Caroline, na kaka mtu anamkingia kifua. Simwamini Bayard, kwa sababu dakika kumi za mlangoni zinahitaji mtu aliyekuwemo chumbani. Hata hivyo alimtazama mhusika anayestahili kutazamwa. Christie mwenyewe alimpenda Caroline kuliko wote kitabuni. Riwaya ilipogeuzwa tamthilia, Alibi, mwaka 1928, Caroline aliondolewa akawekwa msichana mrembo, na mwandishi hakufurahi hata kidogo. Miaka miwili baadaye Christie akatoa riwaya ya kwanza ya Miss Marple, mwanamke mwingine wa kijijini asiyeolewa, mwenye masikio marefu, na safari hii hakuna aliyemnyang'anya nafasi ya mpelelezi.